Malaria Si Hewa Mbaya

"Hivi hewa inaweza kumuua mtu?"

Hivyo ndivyo Telesia alivyomuuliza jirani yake, Mama Ida, siku moja walipokuwa wakipalilia viazi. Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala.

Mama Ida alicheka. "Hewa gani? Hii yetu ya Njombe? Hii inagandisha vidole tu."

"Siyo hii. Ya kule Tanga, kwenye mkonge. Wanasema vijana wetu wakiivuta wanarudi wanatetemeka."

Mama Ida akaacha kucheka. Wanawe wote wawili wa kiume walikuwa huko mkongeni. Yoeli, mkubwa, alikuwa ameoa. Mika alikuwa bado. Walikwenda kutafuta fedha za mabati ya nyumba.

Mavuno yalipokaribia, lori likawashusha Makambako. Kutoka hapo walitembea kwa miguu hadi nyumbani. Yoeli alifika anatetemeka. Jua linawaka, yeye anaomba blanketi.

Mkewe, Emilia, akamfunika. Mama Ida akamwita Mwalimu Nahumu, aliyejua Kiingereza.

"Hii ni malaria, mama," Nahumu alisema.

"Malaria ndiyo nini?"

"Ni neno la Kiingereza, lakini Waingereza nao walilitoa kwa Waitaliano. Mala ni mbaya. Aria ni hewa. Hewa mbaya. Zamani watu wa kule waliugua sana karibu na mabwawa yanayonuka. Wakasema harufu ile ndiyo inayowaua. Nimelisoma kitabuni."

Mama Ida alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Kama hewa mbaya imeingia, hewa nzuri itaitoa. Na nani ana hewa nzuri kuliko watu wa Njombe?

"Mtoeni nje," akasema.

"Mama, upepo huu?" Emilia alishangaa. "Hata mbuzi wamekataa kutoka."

"Wewe umekuja juzi tu. Upepo huu ndio ulionikuzia watoto."

Wakamlaza Yoeli barazani juu ya mkeka. Kesho yake alitoka jasho, na homa ikapoa. Akala ugali na maharage. Mama Ida akaimba. Majirani wakaja kumshukuru Mungu pamoja naye.

"Hata hivyo tumpeleke zahanati ya misheni," Emilia alisema.

"Kumpeleka mtu anayekula? Watatucheka!"

Siku iliyofuata homa ikarudi, kali kuliko mwanzo. Wakamtoa tena nje. Yoeli akaanza kuweweseka. Alimwita mnyapara wa mkongeni, akamwomba apumzike kidogo. Mkewe hakumtambua tena. Watu walipokuwa bado wanabishana nani atabeba machela, akakata roho.

Walimzika kwenye mvua. Waliimba, lakini sauti hazikutoka.

Matanga hayajaisha, Mika naye akaanza kutetemeka. Mama Ida hakumwita mtu. Alichukua mkeka mwenyewe, akauburuta kuelekea barazani.

Emilia akasimama mlangoni. "Huyu hatoki, mama."

"Unanizuia mimi? Katika nyumba ya mume wangu?"

"Nakuzuia. Mume wangu nimemzika. Shemeji yangu sitaki kumzika."

Telesia hakungoja wamalize. Alikimbilia misheni kumwita Kristofa, mtoa dawa wa zahanati. Kristofa alifika kwa baiskeli, akawapa pole ya msiba, akainama kumpima Mika.

"Kule mkongeni mlilala wapi?"

"Kambini. Nyuma yake kuna madimbwi."

"Mbu je?"

"Wengi kuliko watu. Tena tuliziba madirisha kwa magunia, hewa mbaya isiingie."

"Mkajifungia ndani na mbu," Kristofa alisema.

Mama Ida aling'aka. "Mwalimu alisema ni hewa!"

"Mwalimu hakusema uongo, mama. Neno ndivyo linavyosema. Waliolitunga ndio hawakujua. Waliona watu wanaugua penye maji yaliyotuama, wakalaumu harufu. Kumbe maji yale ndimo mbu wanamozaliana. Mbu anamuuma mgonjwa, kisha anamuuma mzima na kumtia vijidudu kwenye damu. Madaktari walipogundua hayo, watu walikuwa wameshalizoea jina. Likabaki."

"Mbona hapa kwetu hatuujui ugonjwa huu?" Telesia aliuliza.

"Baridi yetu mbu hawaipendi. Lakini vijidudu husafiri ndani ya mtu. Upepo hauwezi kuvitoa. Vinauawa na dawa." Akatoa vidonge vya kwinini. "Ni vichungu. Na homa ikipoa, asiache. Homa hii hupoa, kisha hurudi. Wengi hupoteza wagonjwa wao hapo."

Emilia akatazama chini.

Mika alimeza, akakunja uso. "Uchungu huu, afadhali upepo wa mama!"

Emilia akamwongezea maji.

Homa ilipoa. Mika akasema amepona, hataki tena dawa. Emilia akasimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka akameza. Alifanya hivyo kila mara, hadi vidonge vikaisha. Homa haikurudi.

Kristofa alipokuja tena kumtazama, alimkuta Mika ameketi karibu na moto, anaomba uji wa pili.

"Nikirudi mkongeni nalala ndani ya chandarua," Mika alisema. "Na magunia nayatoa madirishani."

"Waambie na wenzako wafukie yale madimbwi."

Mama Ida alikuwa amesimama na bakuli la uji mkononi.

"Kristofa, mwanangu," alisema. "Siku ile Yoeli alipopata nafuu, akala. Kama angepewa dawa hii siku ile?"

Kristofa alitazama moto. "Huenda angepona, mama."

"Na upepo?"

"Ulimmalizia nguvu."

Mama Ida akampa Emilia bakuli. Akafungua mlango, akatoka nje kwenye upepo.