Kengele Nane Tupu

Kengele ya moshi ilianza kulia saa nane mchana katika chumba cha nyuma: mlio mfupi, mkali, kimya, kisha tena. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba kengele hiyo haikuwa na kitu ndani.

Mwenye nyumba alilijua hilo kuliko yeyote. Dukani alichagua kengele moja nzima ya ukumbini, na kwa vyumba nane vya wapangaji akaomba maganda manane ya maonyesho, meupe na matupu. Hakukosea. Mkaguzi alikuja bila ngazi, akaibonyeza ile ya ukumbini kwa ncha ya kalamu, ikalia, akazitia zote tiki kwenye fomu aliyoijaza mwenye nyumba na kugonga muhuri kwa nguvu za mtu aliyefanya kazi.

"Baba mwenye nyumba," fundi cherehani wa chumba cha nyuma alisema kwa sauti ya chini, mwanawe mgongoni, "inalia kila nikiwasha cherehani. Na kuna harufu."

Mwenye nyumba akamwambia ni betri. Akapanda kiti, akalifungua ganda. Hamkuwa na betri. Mlikuwa na pumzi, ya moto, yenye harufu ya plastiki inayoungua, ikampiga usoni, na mlio ukatoka pale pale patupu.

Mama yule aliomba aitwe fundi umeme. Fundi umeme angeyaona maganda, na angesema. Akaitwa mganga.

Mganga, mwanamke mkavu asiye na haraka, alisikiliza, kisha akamvuta mwenye nyumba kando.

"Ni jini. Kaona patupu, kahamia, na anafanya kazi uliyoiandika kwenye fomu. Nikimtoa, nani atalia?"

"Mtoe."

Akatolewa. Kesho yake mchana, waya uliokuwa ukiungua polepole darini siku zote zile ukashika moto, na moshi ukamshukia mama aliyekuwa amejilaza akinyonyesha, ukapita kando ya ganda jeupe lisilosema neno, ukakijaza chumba, ndipo ukapenya hadi ukumbini, ambako kengele nzima ililia kwa bidii wakati hapakuwa tena na wa kuamshwa.

Ripoti ikaandika: kengele zilikuwepo, muhuri upo. Mwenye nyumba akapewa pole.

Siku ya tatu, akila na mkewe, mlio mfupi, mkali, ulitoka darini kwao, mahali ambapo hapakuwahi kuwekwa kitu. Mkewe hakusikia, alimsogezea chumvi.

Kisha, juu pale pale, mtoto akakohoa.