Paskazia Achagua Kazi

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Paskazia alifagia baraza, akatandika mkeka na kuweka redio juu ya kigoda. Shangazi yake Philomena alikuwa fundi cherehani mjini Shinyanga, na baraza yake ilipendwa na wasichana wa mtaa mzima. Walikuja kushonewa, lakini walikaa hadi jioni wakisukana nywele, wakisikiliza salamu na nyimbo redioni, na kufunua magazeti yenye picha za mitindo.

Ulikuwa mwaka 1972. Paskazia, mwenye umri wa miaka kumi na minane, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kutoka kwao Tinde kuja kutafuta kazi. Aliyapenda sana magazeti yale. Humo aliona wanawake wenye viatu vya visigino virefu, wameketi mbele ya mashine za taipu, simu pembeni, wakitabasamu. Mara nyingine alijiuliza, "Je, kazi zote za wanawake ni za kukaa na kutabasamu?" Lakini swali hilo hakulitoa mdomoni.

Rafiki yake Mwaisha alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapo mjini.

"Kituo cha kununulia pamba wanatafuta mpiga chapa," Mwaisha alimwambia siku moja. "Peleka barua."

"Mimi taipu nimeigusa tu, siku ile uliponionyesha ofisini kwako."

"Andika kwamba unapiga maneno arobaini kwa dakika. Ukishaingia utajifunza humohumo. Nani atakuuliza?"

Paskazia akaandika hivyo. Alipoifunga bahasha alisita, lakini akaipeleka.

Wiki iliyofuata aliitwa. Shangazi alimshonea gauni jipya, Mwaisha akamwazima viatu. Mkuu wa kituo, Bwana Jilala, alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani mizito.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Keti. Nakili barua hii. Nakupa dakika tano."

Paskazia aliinamia mashine. Vidole vilitetemeka, herufi zikapandana na kukwama. Dakika tano zilipokwisha alikuwa na mistari miwili tu, na jina la kituo lenyewe alikuwa amelikosea.

"Nani alikufundisha taipu?" Bwana Jilala aliuliza.

Paskazia angeweza kusema kwamba mashine ni mbovu. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Akayameza.

"Hakuna aliyenifundisha, mzee. Nilidanganya katika barua. Naomba radhi."

Bwana Jilala alivua miwani akamtazama. "Afadhali umesema, ingawa umechelewa. Nenda nyumbani, binti."

Paskazia alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Uani wakulima walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Pamba nyeupe na kavu, isiyo na takataka, iliitwa safi, na bei yake ilikuwa nzuri. Yenye madoa au uchafu iliitwa fifi, na bei yake ilikuwa ya chini. Kalisti, mkaguzi wa pamba, alikuwa amechota konzi moja kwenye mdomo wa gunia la bibi mmoja.

"Fifi," alisema. "Gunia zima."

"Mwanangu, usiniue!" alilia yule bibi, ambaye jina lake lilikuwa Nyamizi. "Mkokoteni ulipinduka, pamba ya juu ikamwagika barabarani. Tuliizoa na vumbi lake. Ya ndani nimeichambua mwenyewe msimu mzima!"

"Foleni ni ndefu, bibi. Mwingine!"

Paskazia alisimama. Tangu utotoni alikuwa akichambua pamba na mama yake huko Tinde. Akapiga magoti na gauni lake jipya, akaingiza mkono guniani hadi begani. Vidole vyake vikahisi pamba laini, kavu, isiyo na chembe.

"Bibi anasema kweli," alisema. "Ya ndani ni safi."

"Wewe ni nani?" Kalisti aliuliza kwa hasira.

"Ni binti aliyenidanganya sasa hivi," sauti ilijibu. Bwana Jilala alikuwa amesimama mlangoni. "Niambie, binti. Kwa nini tukuamini?"

Watu wote waligeuka. Uso wa Paskazia uliwaka kwa aibu, lakini hakuinuka.

"Msiniamini mimi, mzee. Mwageni gunia."

Likamwagwa juu ya turubai. Kidogo cha juu kilikuwa na vumbi na vijiti; kilichobaki kilikuwa cheupe kama maziwa. Paskazia alipitisha mikono haraka, kisha akatenga konzi kadhaa kando. "Hii hapa, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "ni fifi kweli. Imeliwa na wadudu."

Bibi Nyamizi akacheka huku anafuta machozi. "Hiyo nakubali, mwanangu! Nipimie iliyo yangu."

Kalisti alikuna kichwa. "Nilitazama mdomo wa gunia tu," alikiri. "Niwie radhi, bibi."

Bwana Jilala akamwita Paskazia kando. "Upiga chapa hukuupata. Lakini Kalisti anahitaji msaidizi. Ni vumbi, jua na ubishi wa wakulima, na hapa hatujapata kuwa na mkaguzi mwanamke. Utajifunza kwa miezi mitatu. Fikiri, uje keshokutwa."

Jioni barazani, Mwaisha aliposikia habari hiyo, alishika kiuno. "Kidato cha nne chote hicho, ukashinde na magunia? Watu watasema nini?"

"Watasema," Paskazia alijibu. "Lakini leo mbele ya taipu nilitetemeka, mbele ya pamba sikutetemeka. Kazi yako ni nzuri, Mwaisha, na wewe umeisomea. Mimi nilipenda picha yake tu."

Mwaisha alishusha mikono kiunoni. "Na ule ushauri wangu ulikuwa mbaya. Nisamehe. Basi hutasuka nasi tena hapa?"

"Kwani vumbi halioshwi? Nitasuka, nitavaa, na dansi nitacheza!"

Wakacheka wote. Shangazi Philomena alisimamisha cherehani yake.

"Sikilizeni, wanangu. Mimi nampima mtu kwanza, ndipo nakata kitambaa. Nikikata kwa kufuata picha, nguo itabana au itapwaya. Kazi nayo ni hivyo. Jipimeni wenyewe, tena kwa kweli, maana uongo unaweza kukufikisha mlangoni, lakini kazi hauwezi kukufanyia. Paskazia, umekosa, ukakiri, kisha ukamtetea mtu. Nenda kafanye kazi, na uifanye vizuri."

Paskazia alikwenda. Alijifunza kwa bidii, akakaripiwa, akakosea na kurekebisha. Msimu ulipokaribia kwisha, mkulima mmoja kutoka mbali alimwona akaguna, "Leo tunapimiwa na msichana?"

Kalisti hakuinua hata macho. "Subiri zamu yako, baba," alisema. "Huyo hatazami mdomo wa gunia. Anafika chini."