Pumzi Chini ya Sakafu

Haya yalimfika dada yangu Shemsa na mumewe Vuai, nyumbani kwao Sparkhill, hapa Birmingham, mwaka 2006. Sikuhadithiwa na mtu. Nyumba ile nilikuwa nikiingia na kutoka kama kwangu.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, ya kawaida kabisa. Dada alikuwa jikoni anakaanga maandazi, redio inasema peke yake, mabasi yananguruma kule Stratford Road. Shemegi Vuai, ambaye alikuwa dereva wa basi, siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Nilimkuta chumba cha mbele, kapiga magoti, kainua mbao za sakafu na anachungulia chini kwa tochi. Binti yao Asmahan, mtoto wa miaka saba, alikuwa juu ya kochi na pampu yake ya pumu mkononi. Anakohoa.

Nyumba zile za zamani, za matofali mekundu yaliyopoteza rangi kwa moshi, sakafu zake ni za mbao. Chini ya mbao mna uvungu, nafasi ya giza ambayo mtu mzima anaingia kwa kutambaa kwa tumbo. Kwenye ukuta wa nje, karibu na ardhi, huachwa matundu ili hewa ipite, mbao zisioze. Uvungu wa dada ulikuwa umelowa. Unyevu ulipanda kutani, zulia likanuka uvundo, na daktari alishasema huo ndio unaomla mtoto kifua.

Shemegi alikuwa amesoma kwenye mtandao namna Wamarekani wanavyofanya. Wanatandika nailoni nene uvunguni, wanaipandisha kutani, wanabandika kingo zote, wanaziba na matundu ya nje. Unyevu unabaki chini ya nailoni, nyumba inakauka.

Akaitwa fundi, Mzee Tarsem, Singasinga wa Kisumu aliyehamia huku tangu ujana wake. Aliingia uvunguni, akakaa humo kitambo. Alipotoka, udongo umemjaa kwenye ndevu na hakuwa na ule uchangamfu aliokuja nao.

"Mama Asmahan," alimwambia dada, "hii msingi iko mbaya. Upande ya nyuma imezama. Iko na ufa kubwa sana."

"Ndiko maji yanakoingilia?" shemegi aliuliza.

"Maji si shida, bwana. Mimi nimewasha kibiriti pale. Moto imelala, imeingia ndani ya ufa. Hewa haitoki. Inaingia. Hiyo ufa inavuta."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Sasa hivi inavuta hewa ya matundu," alisema. "Wewe ukiziba matundu, itavuta ya wapi? Tengeneza msingi kwanza. Halafu ndio ufunge."

Kutengeneza msingi maana yake kuchimba, kumwaga zege, watu kuhama nyumba. Na baridi ilikuwa inabisha hodi, na Asmahan akikohoa midomo inamgeuka rangi. Shemegi alimtazama mwanawe, kisha akamtazama fundi.

"Msingi tutautengeneza kiangazi. Kwa sasa ziba tu."

Mzee Tarsem akakusanya vifaa vyake, akaenda zake. Shemegi akaifanya kazi ile mwenyewe. Alitandika, akabandika, akaziba kila tundu. Alipomaliza, nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyowahi kuwa. Hata mabasi ya barabarani yalisikika kama yako mbali.

Na mtoto akapona.

Kuta zikakauka, uvundo ukaisha, Asmahan akaacha kukohoa. Hakukohoa hata akikimbia ngazi. Pampu ikatiwa kabatini. Dada alilia kwa furaha, akapika pilau, akatuita watu tukala.

Desemba ilipoingia, dada akanipigia simu. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

"Maulid, nikwambie kitu, usinicheke. Asubuhi nampeleka Asmahan shule. Barafu kila mahali. Watoto wote wanatoa moshi mdomoni kwa ile baridi, na mimi natoa."

"Ehe?"

"Yeye hatoi."

Nilimwambia amechoka, apumzike. Akakata simu.

Haukupita muda akanipigia tena. Njoo, alisema. Njoo sasa hivi. Ilikuwa mchana, jua la huku lisilo na joto limeingia chumba cha mbele. Dada alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia, sikio kaliweka sakafuni. Akaniashiria nami nilale.

Nikasikia kikohozi.

Kikohozi cha mtoto. Kile kile cha Asmahan, kinachoanza kikavu kisha kinapiga filimbi mwishoni. Kinatoka chini. Kinakoma. Kinaanza tena.

"Asmahan yuko wapi?" nilinong'ona.

"Shule."

Nikataka kuinuka. Dada akanishika mkono. Chini ya mbao, polepole, kama mtu anayetafuta nguvu ya kila neno, sauti ikasema:

"Mama. Sina pumzi."

Asmahan alizaliwa Birmingham. Kiswahili alikuwa anakisikia tu. Ukimsemesha, anakujibu Kiingereza. Hatukuwahi kumsikia akisema hata maneno mawili ya Kiswahili yaliyofuatana.

Niliinua mbao nikamulika. Nailoni haikuwa imelala. Ilikuwa inapanda na kushuka. Inapanda. Inashuka. Kama kifua.

Simu ya nyumbani ikalia. Shule. Mtoto hasemi, walituambia. Amekaa kwenye kiti chake, macho wazi, hasemi na hajibu. Dada alikwenda mbio bila koti. Mimi nikampigia shemegi, akaja na sare yake ya kazi.

Dada aliporudi naye, Asmahan alilazwa kwenye kochi. Alikuwa anatutazama. Midomo imekuwa ya kijivu. Dada alichukua kioo kidogo cha mkobani, akakiweka chini ya pua ya mwanawe. Tukangoja. Kioo kilibaki kikavu. Dada akakisogeza karibu zaidi. Kikavu. Na mtoto anapepesa macho.

"Uvunguni," dada alisema. "Baba Asmahan, pumzi yake iko uvunguni."

Shemegi aligeuka. Alikwenda jikoni, akarudi na kisu, akashuka kwenye lile pengo la sakafu. Nilimmulikia kwa juu. Nikamwona akitambaa juu ya nailoni, na nailoni ikimwinua na kumshusha. Alipofika ukuta wa nyuma, mwanga wangu haukumfikia tena. Nilimsikia tu. Alikuwa anasema na kitu.

"Mwachie mtoto," alinong'ona. "Mimi hapa."

Kisha nailoni ikachanika.

Ilitoka hewa baridi yenye harufu ya udongo, ikanipita usoni, ikaingia chumbani. Nyuma yangu Asmahan akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini, akaanza kukohoa. Alikohoa hadi akatapika. Dada alimkumbatia analia na kucheka kwa pamoja, na kioo kilichokuwa juu ya kochi kilikuwa kimeingia ukungu.

Shemegi alichelewa kutoka. Nilimwita, hakuitika. Nilimwita tena. Mwishowe kichwa chake kikatokeza penye lile pengo, nikampa mkono nikamvuta. Mkono wake ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje.

"Mko salama?" aliuliza.

Siku ile ile alivunja vizibo vya matundu yote ya nje, na akamwita Mzee Tarsem aje kuutengeneza msingi. Dada na mtoto wakahamia kwa rafiki yetu Zeinab, kule Kingstanding. Shemegi alikataa kwenda. Alisema lazima mtu abaki na mafundi. Nilipokuwa nakwenda kumtazama, nilimkuta amekaa kwenye ngazi, sahani ya chakula iko pembeni haijaguswa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa kama mtu aliye safarini anayengoja kuitwa jina.

Siku ya kumwaga zege, Januari, nilikuwepo. Shemegi na Mzee Tarsem walisimama uwani wakizungumza. Baridi ilikuwa kali. Moshi ulikuwa ukitoka mdomoni mwa Mzee Tarsem kila akisema.

Mdomoni mwa shemegi haukutoka kitu.

Nikasimama pale pale mlangoni. Wao hawakuniona.

"Bwana Vuai," Mzee Tarsem alisema kwa sauti ndogo, "mimi nimeingia pale leo asubuhi. Nimesikia mtu anapumua ndani ya ufa. Pumzi ya mwanaume. Mimi siwezi mwaga."

"Mwaga."

"Ni ya nani, bwana?"

Shemegi alimwekea mkono begani.

"Mzee Tarsem, ufa bado unavuta," alisema. "Usipozibwa, utamtaka tena mtoto. Mwaga, nakuomba."

Nilimkimbilia. Nilimshika nguo, nikamwambia shemegi twende zetu, tuiache nyumba, tuhame wote. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jambo gumu.

"Walihama, Maulid. Mtoto jana kule Kingstanding, kioo kilikuwa kikavu tena kwa muda. Dada yako hakukwambia?"

Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye ngazi.

Zege likamwagwa. Nililisikia likishuka, zito, linajaza. Mzee Tarsem alikuwa akiomba kwa Kipunjabi huku akifanya kazi. Aliponiita kuniambia ufa umejaa, nilikwenda kumwambia shemegi. Alikuwa ameegemea ukuta, macho kayafumba. Nilimgusa bega.

Daktari alisema ni moyo.

Asmahan hakukohoa tena, na moshi ulimtoka mdomoni kama watoto wenzake. Dada alinishikilia kioo nione kilivyoingia ukungu.

Mwili wa shemegi ulikaa hospitali siku kadhaa, kwenye majokofu yao, hadi karatasi zikakamilika. Tulimwoshea msikitini, mimi na Mzee Mbarouk, ambaye ndiye muoshaji wetu Wazanzibari wa hapa. Mwili ulikuwa umeganda kwa baridi, vidole vyangu vikafa ganzi. Tulipofika kwenye kumtia udhu, nilizungushia kidole kitambaa kilicholowa, kama Mzee Mbarouk alivyonielekeza, nimpanguse meno.

Taya lililegea. Kidole kikaingia zaidi ya nilivyotaka, kikazama ndani ya kitu laini.

Nikakitoa. Kitambaa kilikuwa kimejaa zege. Bichi.

Mzee Mbarouk alilitazama, akanitazama, akavuta shuka akamfunika marehemu uso. "Osha mkono," alinong'ona. "Tuendelee."

Nilikwenda bombani. Lakini kabla ya kufungua maji nilisimama nikikitazama kidole changu. Mwili mzima wa shemegi ulikuwa barafu. Lile zege lilikuwa na joto.