Chemchemi ya Jukwaa la Magharibi

Nyasi za mbele ya goli la kusini zilikuwa zimelowa, na mpira wa kumwagilia ulikuwa haujafunguliwa kwa siku tisa.

Hosiana aliinama akazigusa kwa kiganja. Maji yalikuwa ya baridi, ile baridi ya maji ya mlimani inayouma mpaka kwenye mifupa ya vidole, ilhali ilikuwa saa saba kasoro mchana na jua la Oktoba lilikuwa limeukausha uwanja mzima ukawa na rangi ya mkeka mkuukuu. Umande gani wa saa saba? Alinyanyuka, akatazama huku na huko kama mtu anayetafuta wa kumuuliza. Hapakuwa na mtu. Akajifuta mkono kwenye sketi, akarudi ofisini.

Alikuwa na miezi mitatu tangu aajiriwe kuwa meneja wa uwanja wa Bondwa Stars, timu iliyopanda daraja kwa bahati, ikajikuta na uwanja wake yenyewe pale Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na haina uwezo wa kuutunza. Kabla ya hapo alisimamia majengo ya chuo kimoja huko Moshi, karibu na kwao Machame. Mwenyekiti wa klabu, Alhaji Hashimu, mnunuzi wa mpunga wa Turiani, alimwambia bila kuzunguka kwamba gharama za kuuendesha uwanja zishuke nusu kabla ya mzunguko wa pili. Zisiposhuka, uwanja ungegeuzwa ghala la mpunga, timu ingekwenda kuazima viwanja vya watu, na yeye Hosiana angefungasha virago.

Hosiana alikaza mkanda. Mazoezi ya jioni akayahamishia alfajiri ili taa kubwa zisiwashwe. Balbu za zamani akazing'oa, vibanda vilivyokaa bure akawapangisha mama lishe, na jukwaa lisilojaa akalifungia milango ili kusiwe na cha kufagia. Mzigo uliobaki ulikuwa maji. Nyasi zinakunywa kuliko ng'ombe, na klabu ilikuwa ikilipia kila tone.

Hapo ndipo alipogundua chemchemi. Chini ya jukwaa la magharibi palikuwa na korido ndefu inayopita vyumba vitatu vya kubadilishia nguo, na mwisho wake palikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha. Humo ndani bomba la chuma, nene kama paja, lilitoka ukutani likimwaga maji usiku na mchana kwenye mtaro uliopita chini ya ukuta kwenda nje. Maji safi ya Uluguru yanapotea bure, na wao wananunua ya kumwagilia! Hosiana aliona ameokota dhahabu. Alimwita Elia, fundi bomba, akamwambia aweke koki pale, aifunge, na wakisubiri tangi kubwa lije kutoka Dar, maji yajikusanye huko huko yalikotoka.

Mtu mmoja tu alipinga. Mzee Pazi, Mluguru wa pale pale, alikuwa ametunza nyasi za uwanja ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alivua kofia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, funga bomba lolote unalotaka. Hilo liache litoke. Lina mwenyewe."

Hosiana alimjibu kwa heshima, kama mtu anavyomjibu mzee, na wiki ile ile akampa barua ya kustaafu. Jina lake lilikuwa limekaa siku nyingi kwenye orodha ya watu wa kupunguzwa.

Siku ya kumi baada ya koki kufungwa, wachezaji waligoma kutumia vyumba vya magharibi. Hawakufanya fujo. Nahodha alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akasema vijana wanaona afadhali wabadilishie nguo kwenye basi. Alipoulizwa kwa nini, aliangalia viatu vyake, akasema mabomba ya kuogea yanapumua. Ukifungua, hayatoi maji. Yanavuta pumzi, kisha yanaitoa.

Hosiana alicheka kidogo, lakini alipobaki peke yake hakucheka tena. Ukuta wa ofisi yake ulipakana na korido ile, na kwa siku kadhaa alikuwa akisikia kitu nyuma ya ukuta. Alikuwa amejiambia ni panya. Ilikuwa sauti ya mtu anayetembea ndani ya maji ya magotini, taratibu, anakwenda mpaka mwisho, anageuka, anarudi. Kila ilipokaribia saa saba mchana mwendo ule uliongezeka, na harufu ikapenya chini ya mlango, harufu ya mawe yaliyooza kijani na, katikati yake, udi, kama vile mtu amefukiza nyumba iliyozama.

Mama yake alipopiga simu kutoka Machame kuuliza Krismasi atakuja lini, alimwambia yuko salama, kazi tu ni nyingi. Walikuwa wawili tu duniani, yeye na mama yake, na alikuwa hajawahi kumficha kitu.

Alhamisi alimtuma Elia akaikague ile koki. Ilikuwa saa saba kamili. Elia alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwimbaji wa kwaya, mzaha mwingi, na asubuhi ile alikuwa amenyoa ndevu zikaisha kabisa. Alimwachia Hosiana kikombe chake cha chai mezani, akasema asiimalize, anarudi sasa hivi.

Alirudi chai ikiwa bado inatoa mvuke.

Alikuja akishikilia ukuta. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na ndevu zilikuwa zimefunika mashavu na kushuka kooni, ndevu za wiki mbili au tatu. Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, akakinywa chote kwa mkupuo bila kujali moto. Kisha akauliza leo ni siku gani. Hosiana alipomwambia ni Alhamisi, akauliza Alhamisi ya lini.

"Nimelala mara kumi na sita," Elia alinong'ona. "Nilikuwa nahesabu. Nikifika mlangoni, nakuta ni mlango wa kuingilia. Hosiana, humo ndani kuna mtu naye anatafuta njia ya kutoka."

Walimpeleka hospitali, akatundikiwa maji. Daktari alisema ana upungufu wa maji mwilini wa siku nyingi, akauliza mgonjwa huyu alikuwa amefungiwa wapi.

Jioni hiyo Hosiana alipanda bodaboda mpaka kwa Mzee Pazi, juu kule mtaa wa Ruvuma wa pale pale Morogoro, ambako nyumba zimeng'ang'ania mteremko. Mzee alipokea shikamoo yake kama vile hapakuwa na barua yoyote kati yao. Alisema yeye alikuwa mtunza nyasi tu. Chemchemi ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake, na kwa Waluguru ardhi na maji hufuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye haki ya kusema nayo ni mtoto wa dada yake, Shakila. Akamwelekeza. Yuko stendi ya Msamvu, ana kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu.

Shakila alikuwa mwanamke wa makamo yake Hosiana, baibui safi, simu tatu mbele yake. Alisikiliza yote huku akihudumia wateja. Alipomaliza alishusha dirisha la kibanda, akasema kwa utulivu kwamba wakati uwanja unajengwa, wazee walipatana na yule anayeishi kwenye ile chemchemi. Jengo lingekaa juu yake, naye angeachiwa njia ya kutoka na kuingia, haidhuru iwe nyembamba kama bomba. Haikuwa lazima wampe kitu kingine chochote.

"Mmemfungia ndani," alisema. "Na aliyefungiwa hufungia wenzake. Aliyefunga ndiye afungue. Kesho saa saba nitakuwa mlangoni na ubani wangu, ila kuingia utaingia wewe. Atakuuliza nani amefunga. Jibu. Atakuuliza nani anafungua. Jibu. Akiuliza la tatu, nyamaza, hata akiuliza kwa sauti ya mtu gani. Umenisikia, dada?"

Hosiana alisema amesikia.

Ijumaa, wakati adhana ya swala ya Ijumaa ikitoka mjini, Shakila aliwasha chetezo mlangoni mwa korido, akakaa juu ya kigoda na kuanza kusoma dua. Hosiana, ambaye alibatizwa na kukulia katika Ulutheri, alisali Baba Yetu kimoyomoyo, akawasha tochi ya simu, akaingia.

Chumba namba moja. Chumba namba mbili. Chumba namba tatu. Sakafu ilikuwa kavu, lakini kila hatua yake ilitoa sauti ya mguu uliotumbukia majini. Akanyoosha mkono kuusukuma mlango wa mwisho, ukafunguka, na mbele yake palikuwa na korido, na upande wa kushoto mlango wenye namba moja. Akageuka nyuma kumtafuta Shakila na mwanga wa mchana, akaona korido pia, na upande wa kulia mlango wenye namba tatu. Sauti ya kusoma ilikuwa bado inasikika, ila ilitoka mbali sana, kama redio ya jirani wa mtaa wa pili.

Alitembea. Moja, mbili, tatu, akafungua, moja, mbili, tatu, akafungua, na kila alipofungua dari ilikuwa imeshuka kidogo, mpaka ikambidi ainamishe shingo, kisha mgongo, na ile harufu ya udi na mawe mabichi ikawa nzito kiasi kwamba haikuwa harufu tena bali kitu anachokimeza, na ule mwendo aliozoea kuusikia nyuma ya ukuta sasa ulikuwa nyuma yake, hatua kwa hatua, ukisimama anaposimama, ukianza anapoanza, na juu ya kisogo chake pumzi baridi ilikuja na kwenda, wala haikuwa na hasira, ilikuwa pumzi ya mtu aliyechoka kulia ndani ya chumba kilichofungwa, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote, kwa sababu alihisi kwamba kama ataigeukia atauona uso unaofanana na wa kwake.

"Nani amefunga?" iliuliza, sikioni kabisa.

"Mimi," alisema Hosiana.

Dari ikatulia. Mlango uliofuata ulipofunguka, palikuwa na kile chumba kidogo, na koki ya Elia imetoa jasho kama kitu kilicho hai.

"Nani anafungua?"

"Mimi."

Aliishika koki kwa mikono miwili, akaizungusha. Haikutii. Akaegemeza kifua, akaizungusha tena mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, na bomba zima likaanza kutetemeka ukutani. Ndipo sauti ya swali la tatu ikaja. Haikutoka sikioni. Ilitoka ndani ya bomba, ndogo, ya Kimachame, yenye kile kikohozi kifupi anachokijua tangu utotoni.

"Mwanangu, mimi mzee sasa, sina mtu. Utakaa na mimi?"

Aliyakumbuka maneno ya Shakila. Mpaka leo anasema aliyakumbuka. Lakini mama yake alikuwa hajawahi kumwomba kitu maishani, na koki ilikuwa inazunguka, na machozi yalikuwa yamemziba macho, na mdomo ulifunguka wenyewe.

"Nitakaa, mama."

Maji yakaja. Yalitoka kwa kishindo kilichomtupa ukutani, yakajaa mtaroni, yakapita chini ya ukuta kwenda nje, na pamoja nayo kukatoka pumzi ndefu iliyofungua milango yote ya korido kwa mara moja. Hosiana alijiona anatazama mwanga wa jua, hatua ishirini mbele yake. Shakila alikuwa amesimama, chetezo kimezima. Alimtazama machoni, akamuuliza kama alinyamaza.

Hosiana alisema alinyamaza. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mtu aliyemwokoa.

Kuanzia siku ile uwanja ulitulia. Wachezaji walirudi vyumbani. Shakila alisema maji yakishavuka ukuta ni maji tu, kwa hiyo Hosiana akachimba bwawa dogo nje, akaweka pampu ndogo, na nyasi zikanyweshwa kutoka huko bila klabu kulipia tone. Mzee Pazi alirudishwa kazini. Kabla ya mzunguko wa pili gharama zilikuwa zimeshuka zaidi ya nusu, na Alhaji Hashimu alimsifu mbele ya wanachama. Elia alipona, ingawa hakukaa tena kwenye chumba ambacho mlango wake umefungwa.

Tarehe ishirini na mbili Desemba Hosiana alipanda basi la Moshi pale Msamvu, na zawadi za mama yake kapuni. Alikaa dirishani. Mji ulipokwisha alihisi soksi zimelowa. Akavua kiatu, akakuta kikavu. Mbele kidogo maji yalikuwa magotini, baridi ile ile, na abiria wa pembeni anakula korosho zake bila kuona kitu. Walipokaribia Mikese yalikuwa yamemfika kifuani. Alifungua mdomo aombe msaada, akatapika maji safi, mengi, yenye nyuzi za kijani. Watu walipiga kelele, basi likasimama, kondakta akamshusha kwa upole na kapu lake, akimsihi arudi mjini akapime.

Alikaa kwenye kokoto za kando ya barabara, anavuta hewa kwa tabu. Simu ikaita. Ilikuwa Machame.

"Umefika wapi, mwanangu?" mama yake aliuliza.

Kabla hajajibu, ile ile sauti, na kile kile kikohozi kifupi, ilisema kwenye sikio lake la pili, lile lisilokuwa na simu, "Njoo. Nimekuandalia."

Hosiana alimwambia mama yake kwamba mwaka huu hataweza kuja. Mama akauliza, basi mwakani? Hosiana alikata simu. Alibeba kapu lake, akavuka barabara, akasimama upande wa magari yanayokwenda Morogoro, na basi la kwanza lilipotokea kwa mbali, pumzi yake ilianza kufunguka.