Alama ya Mpira

Kila nikirudi kutoka shuleni, humkuta bibi yangu uani akicheza tenisi na ukuta. Mtaani wanamwita Bingwa, maana ujanani alikuwa bingwa wa taifa mara nne. Siku hizi magoti yanamsumbua, kwa hiyo husimama pale pale akipiga mpira mpaka jasho limtoke.

"Bibi, huuchoki huo ukuta?" nilimuuliza siku moja.

"Ukuta haununi, mjukuu wangu. Tena haukosi kuja."

Nilicheka, lakini maneno yale hayakuwa ya kuchekesha. Vikombe vyake vilijaa kabatini, ila wageni hatukuwa nao. Kiti chao tulikuwa tukianikia nguo.

Ijumaa moja nilicheza fainali ya shule na rafiki yangu wa pekee, msichana mwembamba tuliyemwita Kijiti. Uwanja wetu ni wa udongo, na mpira ukidunda huacha alama. Mwamuzi hatuna, kila mchezaji husema mwenyewe kama mpira ulioanguka upande wake ni wa ndani au wa nje. Nilikuwa nimebakiza pointi moja nishinde. Kijiti akapiga mkwaju, mpira ukadunda ndani ya mstari. Niliuona kwa macho yangu mawili.

"Nje!" nikasema.

"Ngoja nione alama," Kijiti alisema, akija mbio.

Alipofika, nilikuwa nimeshaifuta kwa kiatu. Alinitazama, akachukua begi lake, akaondoka bila kunipa mkono.

Jumatatu alihamia dawati lingine. Siku tatu nilikula peke yangu, huku nikisikia kicheko chake upande wa pili wa darasa. Siku ya tatu nilichukua raketi, nikaenda kusimama uani kando ya bibi.

Hakuacha kupiga mpira. "Uliifuta kwa mguu gani?"

Niligeuka kumtazama. Kumbe siku ya fainali alikuwa amekaa nyuma ya uzio.

"Wa kulia," nilijibu kwa sauti ndogo.

"Mimi pia wa kulia." Akaudaka mpira, akaushika. "Ndivyo nilivyopata ubingwa wangu wa kwanza. Niliyemdhulumu tulikuwa tukilala chumba kimoja. Nikasema nitamwomba radhi baada ya mashindano. Halafu nikasema yakiisha mengine. Halafu nikistaafu. Nilipostaafu, nikakuta ameshazikwa."

Nilitimua mbio hadi kwa kina Kijiti. Mama yake, fundi cherehani, alinifungulia mlango. Kijiti alisimama nyuma yake, amenuna.

"Mpira ulikuwa ndani," nilisema huku nikihema. "Alama niliifuta makusudi. Nisamehe. Kesho nitamwambia mwalimu."

"Nilijua," alisema. Kisha uso ukamkunjuka. "Na kikombe chenyewe ulichopewa ni kidogo, hata chai hakitoshi!"

Kesho yake mwalimu wa michezo alimpa Kijiti pointi yake, tukaendelea pale tulipoachia. Kijiti alinichapa vibaya. Jioni nilimleta nyumbani. Bibi aliondoa nguo kwenye kiti cha wageni, akakipangusa mara mbili, akamkaribisha.

"Kushindwa kunauma siku mbili tu," alituambia, machozi yakimlengalenga. "Lakini ukimkosea mtu, mwendee angali anaweza kukusikia. Semeni kweli mapema, wajukuu zangu. Mimi nilichelewa."

Kijiti akaokota raketi yangu. "Bibi, nifundishe mkwaju wako."

Jioni ile ukuta ulipumzika.