Mchanga wa Duara la Bujiku

Noela wa Masumbwe si mtu wa maneno mengi, na hili alilisimulia mara moja tu.

Mumewe, Donatus, alikuwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Mwakitolyo, na wazimu mmoja: samaki wa baharini. Wadogo, wenye madoa, wameletwa kwa ndege kutoka Dar, wanaishi sebuleni ndani ya tangi la kioo, maji yamekorogwa chumvi kwa kipimo. Jamani, samaki wale wanadeka! Wakishtuka wanajizika mchangani, na wakikosa mchanga laini wanakufa.

Mchanga wa tangi ulipochafuka, Donatus akachekecha mwingine, akauosha, akaumwaga. Noela akauliza umetoka wapi.

“Duarani.”

Noela akajitenga na tangi. Duara hilo ndilo lililomfukia mchimbaji wao, Bujiku, na mwili haukupatikana. Mama wa Bujiku aliwasihi: mtu asichote humo hata kiganja kimoja mpaka ndugu waje kumwita marehemu arudi nyumbani.

“Mambo ya kizamani hayo, Mama Limi,” Donatus akamcheka mkewe.

Samaki wakajizika. Kulipokucha hawakutoka. Siku ya pili, kimya. Mchana kweupe, Donatus akaondoa wavu wa juu, akatumbukiza mkono kuwatafuta. Mchanga ulikuwa na kina cha vidole vinne tu. Mkono ukazama hadi kiwiko. Ukazama hadi begani.

Noela akainama, akachungulia chini ya meza ya tangi. Palikuwa na sakafu tu.

“Mama Limi,” Donatus akanong'ona, shavu likigusa maji. “Nimeshikwa.”

Noela akamvuta. Wapi! Maji yakafika mdomoni. Noela akaona mume anampotea hivi hivi, mbele ya macho yake. Akakumbuka maneno ya yule mama, akaita kwa Kisukuma.

“Bujiku! Tujage kaya!” Twende nyumbani.

Mkono ukaachiwa. Samaki wakaibuka wote, wazima, wakaja juu kuomba chakula.

Noela alilia kwa furaha. Jioni ndipo akili ilipomrudia: marehemu huitwa mlangoni kwa mama yake. Yeye alimwitia sebuleni kwake mwenyewe.

Mchanga ulirudishwa duarani. Ndugu wakaja, wakaita, wakachinja mbuzi. Tangi, mke na mume wakampa mtu. Lakini kila asubuhi Noela akitandika kitanda hukung'uta mchanga mbichi, una chumvi. Hauko upande wake, wala upande wa Donatus. Uko katikati, na godoro limebonyea urefu wa mtu.