Katoni ya Kwanza ya Matofaa

Kila asubuhi kabla ya shule, Wakana alipita shambani kuyaangalia matofaa ya Baba. Ilikuwa aina mpya kabisa, Baba aliipata mwenyewe baada ya kuhangaika miaka mingi. Sasa alikuwa Tokyo, akibeba mizigo kwenye soko la matunda.

"Wanunuzi wakiyapenda, narudi nyumbani kuyalima," aliaga hivyo.

Tangu hapo Wakana hakukizoea kile kiti kitupu mezani. Alimkumbuka Baba hadi harufu ya koti lake.

Matunda yalivikwa mifuko ya karatasi yakiwa bado mtini, ambayo huvuliwa siku za mawingu ili yalizoee jua taratibu. Wakana alishindwa kusubiri. Mchana mmoja wa jua kali, bibi yake Fusae akiwa amejinyoosha kidogo kitandani, aliivua mifuko ya mti mzima ili matofaa yawe mekundu upesi. Jioni mengi yalikuwa yamebabuka upande mmoja.

Siku ya kuchuma ilipofika, Wakana aliyapanga katonini, upande uliobabuka ukitazama chini. Mzee Kudo, dereva wa lori la kupeleka matunda Tokyo, alipiga honi.

"Haya binti, leta mzigo! Au unasubiri yaote miguu?"

Wakana aliikumbatia katoni. Akilini alimwona Baba akiifungua mbele ya wanunuzi huku akitabasamu. Machozi yakamtoka.

"Bibi, yameungua. Ni mimi niliyevua mifuko. Nilitaka Baba arudi upesi."

Bibi aligeuza tofaa moja, akashusha pumzi. "Kudo, zima injini, uje unywe chai."

"Na figili za chumvi za kutafunia zipo?"

"Zipo, mlafi wee!"

Walichagua upya. Katoni haikujaa, Bibi akaziba nafasi kwa karatasi.

Kesho yake jioni Baba alipiga simu. "Wameonja, wakaomba mengine! Nakuja theluji ikiyeyuka, tupogoe miti pamoja."

"Theluji yenyewe haijaanguka, Baba!"

"Najua, mwanangu. Hata mimi nimekukumbuka mno."

Bibi alifuta macho kwa aproni. "Unaona, mjukuu wangu? Ungeyaficha, baba yako angeaibika, na nani angemwamini tena? Kusubiri kunauma, lakini udanganyifu ungemweka mbali nasi zaidi."

Wakana aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua tofaa lililobabuka, akakata upande usiobabuka, akakiweka kipande hicho mezani mbele ya kiti cha Baba.